Utando wa muhogo na karafuu: unafaa kufungia nini?

Swali: Kikundi chetu kinasindika wanga wa muhogo. Tumesikia ukichanganywa na mafuta ya karafuu hutoa utando wa kufungia chakula badala ya plastiki. Tunaweza kuufungia samaki wabichi?

Jibu: Samaki wabichi, hapana. Wanga hupenda maji. Utando ukilowa huvimba, hulegea na kuchanika mikononi. Anzeni na vitu vikavu: korosho, mkate, maembe yaliyokaushwa.

Wanga hukorogwa kwenye maji na kupashwa moto. Ukifika nyuzi 70 hivi uji huwa mzito na kung'aa. Hapo hutiwa gliserini, mara nyingi kama robo ya uzito wa wanga. Bila hiyo utando ukikauka huvunjika kama kaukau. Mafuta ya karafuu huja mwisho, uji ukishapoa kiasi, maana joto huyarusha hewani. Yakorogeni sana pamoja na lesithini, la sivyo yataelea juu. Kisha mimineni kwenye sinia bapa, uachwe ukauke.

Kinachopambana na ukungu na bakteria ni yujenoli iliyomo kwenye karafuu, ambayo imejaa pia kwenye mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) ya Pemba. Msizidishe: harufu huhamia kwenye chakula, na mkate unaonukia karafuu si kila mtu ataununua.

Wazo lenu nalipenda sana. Lijaribuni wakati wa masika, hewa ikiwa na unyevu, ndipo mpeleke sampuli Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kabla ya kumwahidi mteja yeyote.