SOMO LA UFUNDI: TUSOME BETRI KABLA YA KULIPA



Wengi wetu tunanunua zana kwa mshahara wetu wenyewe. Basi tujifunze kuzilinganisha, tusije tukalipia maneno matupu.

1. Volti. Betri ile ile ya DeWalt huandikwa volti 20 Marekani na volti 18 Ulaya. Ndani yake mna seli tano za volti 3.6 zilizofuatana, jumla 18, sawa na Makita ya volti 18. Ishirini ni kipimo cha betri iliyojaa kabla haijaanza kazi.

2. Akiba ya umeme. Zidisha volti kwa ampea-saa, upate wati-saa. 18 × 2 ni 36. 18 × 5 ni 90. Betri ya pili hudumu zaidi, lakini ni nzito mkononi.

3. Mota. Mota ya kawaida hupitisha umeme kwa makaa yanayosugua. Msuguano hula nguvu, hutoa joto, na makaa huisha. Mota isiyo na makaa huongozwa na saketi ya elektroniki, hivyo betri hudumu zaidi. Lakini makaa twaweza kuyabadilisha wenyewe. Saketi ikiungua, gharama ni kubwa.

4. Betri ya Makita haiingii katika drili ya DeWalt wala Bosch. Anayechagua drili ya kwanza amekwisha kuchagua betri na chaja za zana zitakazofuata. Hapo ndipo mnunuzi hufungwa. Basi tunaofanya kazi pamoja tununue aina moja, tuazimane betri.

Zoezi: Betri ya volti 18, ampea-saa 4, ina wati-saa ngapi? (Jibu: 72.)