SOMO LA WIKI: Daftari la Bei Lisiposomeka

Mfanyabiashara wa mahindi wa Katumba, Mpanda, aliyeweka hesabu zake kwenye seva, aweza kukuta ukurasa wake wa bei haupati hifadhidata iliyo kwenye seva nyingine, ingawa nywila ni sahihi. Katika Linux, huenda ulinzi uitwao SELinux ndio unaozuia.

Fundi akishauri ulinzi wote uzimwe, mkatalie. Humo mna majina na madeni ya wateja, yanayolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mwambie aruhusu kipengele kimoja tu, httpd_can_network_connect_db, na programu ya bei aipe ruhusa ya kusoma, si ya kuandika.

Kutoa gunia moja hakuhitaji kubomoa ghala.