Nyumba ya Tembe Katika Nchi ya Ugogo

Nchi ya Ugogo ni tambarare iliyoinuka zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mji wake mkubwa ni Dodoma. Nchi hii haimwonei huruma mjenzi. Mvua yake ni haba, kama milimeta 570 kwa mwaka, nayo hunyesha kuanzia Desemba hata Aprili. Miezi mingine ni kiangazi. Mchana jua huwaka sana na upepo hupeperusha vumbi. Usiku wa Juni na Julai baridi ni kali. Miti mirefu ni adimu, nyasi ndefu za kuezekea ni chache, na mchwa hula miti mikavu.

Wagogo wa zamani walijenga kwa vitu vilivyokuwapo, na nyumba yao huitwa tembe. Msafiri Mwingereza Richard Burton alizikuta tembe hizo alipopita Ugogo mwaka wa 1857.

Tembe hujengwa hivi. Kwanza husimamishwa nguzo fupi zenye panda. Juu ya panda hulazwa boriti, juu ya boriti fito zilizobanana, kisha nyasi, na mwisho udongo mwingi. Kuta ni za miti iliyokandikwa udongo. Vyumba hufuatana kwa safu na kuuzunguka ua, ambamo ng'ombe hulala salama.

Kila jambo lina sababu yake. Nyumba ni fupi, basi upepo hupita juu yake bila kuidhuru. Vyumba ni vyembamba, maana boriti ndefu hazipatikani. Udongo mnene hushika joto polepole na kuliachia polepole. Kwa hiyo ndani hamna joto kali mchana, wala baridi kali usiku. Tena juu ya paa huanikwa mtama na uwele.

Lakini tembe ina udhaifu wake. Ndani mna giza, na moshi hauna pa kutokea. Mvua ikiwa kubwa, udongo wa paa huloa na kuwa mzito. Ikiwa nguzo zimekwisha kuliwa na mchwa, paa laweza kuwaangukia waliolala. Kwa hiyo sharti paa litengenezwe kabla ya masika. Hapo ndipo ionekanapo maana ya methali: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwaka wa 1971 Serikali ilianza kuwahamishia watu wa Dodoma katika vijiji vya ujamaa, na tembe nyingi ziliachwa. Leo katika Kizota, mojawapo ya kata za jiji la Dodoma, watu hujenga kwa matofali na mabati. Bati haliliwi na mchwa, lakini hupata moto upesi na kupoa upesi. Nyumba ya bati isiyo na dari huwa kama tanuri mchana, na usiku hupenya baridi.

Hata hivyo bati lina faida ambayo udongo hauna: hukusanya maji. Milimeta moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi nyumba ndogo yenye paa la meta 5 kwa 4 hupokea 20 × 570, yaani lita 11,400 kwa mwaka. Ijapokuwa maji mengine hupotea, yaliyosalia ni hazina kubwa katika nchi kavu.

Basi mjenzi mwenye akili huchukua wema wa nyumba zote mbili. Hujenga kuta nene za udongo juu ya msingi wa mawe, ili maji yasizile. Huweka madirisha yanayoelekeana, hewa ipite. Huezeka mabati na kuyafunga imara, yasing'olewe na upepo, na chini yake huweka dari. Kisha hutia michirizi ya kupeleka maji tangini, na upande wa magharibi hupanda mti wa kuzuia jua la alasiri. Nyumba hiyo yaweza kuwa ndogo, lakini wakaao ndani yake watalala vema.

MASWALI

1. Kwa nini tembe ilijengwa fupi?
2. Udongo mnene huzuiaje joto la mchana na baridi ya usiku?
3. Eleza hatari ya paa la tembe wakati wa masika.
4. Paa la meta 6 kwa 5 hupokea lita ngapi kwa mwaka katika Dodoma?