Suheli: Nyota ya Mabaharia wa Pwani na "Mzee" wa Wachina

Mtu asimamaye mahali peupe pale Kerege, Wilaya ya Bagamoyo, yapata saa tatu usiku katikati ya Februari, akielekea kusini, ataona juu ya minazi nyota nyeupe yenye kung'aa sana. Iko karibu nusu ya njia baina ya upeo wa macho na utosi wa mbingu. Hiyo ndiyo Suheli, ambayo wataalamu wa Ulaya huiita Canopus. Miongoni mwa nyota zisizo sayari, ni Sirius peke yake inayoizidi kwa mwanga.

Jina hilo lina asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili cha zamani neno suheli lilikuwa na maana pia ya kusini yenyewe. Haikuwa bure. Jahazi lililotoka Oman kwa pepo za kaskazi liliiona Suheli ikipanda kadiri safari ilivyoendelea. Ikifika kilele chake, nyota hiyo huwa juu ya upeo kwa nyuzi 14 hivi huko Muscat, nyuzi 40 hivi huko Malindi, na nyuzi 44 hivi huko Kerege. Sababu ni kwamba dunia ni mviringo: kila uzi mmoja msafiri anaoushukia kusini, yaani kilomita 111 hivi, huiinua nyota kwa uzi mmoja. Nahodha aliyejua kupima nyota kwa vidole alijua pia amefika wapi, hata kama hakuiona nchi kavu.

Katika China ya kale mambo yalikuwa mengine kabisa. Mji mkuu wa Chang'an uko kaskazini mno, hata Suheli haikupanda pale zaidi ya nyuzi 3 hivi. Wachina waliiita Mzee wa Ncha ya Kusini. Mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika yapata mwaka 100 K.K., aeleza kwamba Mzee akionekana nchi hupata amani, na asipoonekana majeshi huinuka. Kwa hiyo alitazamiwa wakati wa mlingano wa usiku na mchana wa majira ya kupukutika majani, katika viunga vya kusini vya mji. Serikali nzima ilitia masikio katika jambo ambalo vumbi kidogo, ukungu au kilima kingeweza kulificha! Baadaye Mzee huyo akawa mungu wa maisha marefu, ambaye hadi leo huchorwa mwenye paji kubwa la uso, mkongojo na tunda la fyulisi.

Mnamo mwaka 724, mtawa na mtaalamu wa hesabu Yi Xing alishiriki katika upimaji mkubwa uliofika hadi Jiaozhou, katika Vietnam ya leo. Watazamaji wa huko walimwona Mzee juu sana, na chini yake nyota nyingi angavu ambazo hazikuwamo katika ramani zao. Ajabu iliyotishia mji mkuu ilikuwa jambo la kila mwaka kwa watu wa kusini.

Merikebu za Zheng He zilipofika Malindi katika safari ya miaka ya 1417 hadi 1419, mabaharia wake, waliokuwa nao wakipima nyota kwa vidole, walimkuta Mzee karibu nusu ya mbingu. Vigae vya kauri za China vimeonekana katika magofu ya Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, ingawa si lazima viwe vimeletwa na merikebu hizo. Biashara ya Bahari ya Hindi ilikuwa na mikono mingi.

Nyota yenyewe haijui vita wala amani. Iko umbali wa miaka ya nuru 310 hivi, kipenyo chake ni takriban mara 70 ya kipenyo cha jua, na hutoa mwanga mara 10,000 hivi ya ule wa jua. Kwa kuwa ni angavu na iko mbali na njia ya jua angani, chombo cha Marekani Mariner 4, kilichorushwa mwaka 1964, kiliitumia kujua kimeelekea wapi, kikaifikia Mirihi Julai 1965.