Dondoo muhimu: Kujitolea kwa watoto wenye saratani ya damu

Kabla ya kubeba midoli kwenda Muhimbili, uliza kwanza. Shirika la Tumaini la Maisha, linalohudumia watoto wenye saratani hospitalini hapo, litakuambia kinachohitajika wiki hiyo. Huenda ikawa sabuni na nepi.

Una mafua? Baki nyumbani. Hata kama ni kamasi kidogo tu. Dawa za saratani hushusha kinga, na chafya yako inaweza kumrudisha mtoto kitandani.

Changia damu kwa zamu. Mwanamume kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4, uwe na kilo 50 kwenda juu. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, hazikai akiba zaidi ya siku chache. Ndiyo maana watu kumi wanaopokezana mwaka mzima wana faida kubwa kuliko umati wa siku moja wenye fulana za kufanana.

Simu ikae mfukoni. Kipara cha mtoto si cha kuwekwa kwenye status.

Na mama mtu usimwahidi kwamba mwanawe atapona. Mpokee mtoto, yeye akaoge na kunywa chai ingali moto.