Lahaja si Kilema: Tiba ya Usemi kwa Mwanafunzi wa Kipevu

Tiba ya usemi na lugha humsaidia mwanafunzi anayeshindwa kutamka au kuelewa lugha ipasavyo. Huko Kipevu, eneo la Changamwe, mwalimu hana budi kujiuliza kwanza: je, kila matamshi yaliyo tofauti na Kiswahili sanifu ni kasoro?

Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa uliteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji. Hata hivyo, Kimvita kiliendelea kusemwa majumbani. Mtoto asemaye “mato” (macho), “mtele” (mchele) au “ndia” (njia) hana tatizo la usemi. Anafuata kanuni ya lahaja yake, ambamo /t/ na /nd/ hutokea penye /ch/ na /nj/ za Kiswahili sanifu.

Kinyume chake, mwanafunzi atamkaye “tutu” badala ya “kuku” na “doti” badala ya “goti” hafuati lahaja yoyote ya Kiswahili. Sauti za kaakaa laini huzitamkia mbele mno kinywani. Huyu apimwe masikio, kisha apelekwe kwa mtaalamu.

Mwalimu akizichanganya hali hizi, mmoja ataadhibiwa kwa lugha ya mamake, na mwingine atakosa tiba kwa kudhaniwa kuwa ndivyo wasemavyo kwao. Kwa hiyo, kabla ya kumsahihisha mtoto, asikilizwe mzazi.