PAMPU YA BAISKELI NYUMBANI: Jinsi ya kuchagua iliyo nafuu na inayokufaa

Na Daktari Wetu

WATU wengi mijini wamenunua baiskeli baada ya kushauriwa na daktari wapunguze uzito au washushe presha. Wiki mbili tatu za kwanza mambo huenda vizuri. Kisha baiskeli huegemezwa ukutani, ikafunikwa kwa gunia, na mwenyewe akarudi kwenye matatu. Ukimuuliza sababu, atakuambia ni kukosa wakati au hofu ya magari. Sababu hizo ni za kweli, lakini ipo nyingine ambayo watu huona haya kumtajia daktari kwa kuwa wanaiona ndogo mno: matairi hayana upepo.

Mgonjwa mmoja wa presha aliniambia hivi karibuni, "Daktari, hiyo baiskeli yako ni nzito kuliko ugonjwa wenyewe." Tulipozungumza zaidi, nilifahamu kwamba hakuwa ametia upepo tangu ainunue miezi minne kabla. Alikuwa ameacha kuiendesha, na presha yake ilikuwa imepanda tena.

Wiki hii, basi, tutazungumzia kifaa ambacho hakiuzwi katika duka la dawa lakini chaweza kuamua kama mazoezi yako yatadumu au yatakufa: pampu ya kusimama ya kutilia baiskeli upepo nyumbani.

Tairi legevu na mwili wako

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Ukiendesha baiskeli nusu saa kwa siku, siku tano za juma, umefikisha 150. Zoezi hili huimarisha moyo, husaidia kushusha shinikizo la damu na huuwezesha mwili kutumia sukari vizuri. Isitoshe, haliyatesi magoti kama kukimbia, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wako hubebwa na kiti.

Lakini tairi likilegea, hulala barabarani na kujikunja kila gurudumu linapozunguka. Nguvu ambazo zingekusukuma mbele hupotelea kwenye raba. Mtu mnene au mwenye umri mkubwa ambaye ndiyo kwanza anaanza mazoezi huhema mapema, hukanyaga pedali kwa nguvu nyingi, na jioni magoti yanamuuma. Huyo hatarudi barabarani kesho.

Pia kuna hatari ya ajali. Ukipita juu ya shimo au ukingo wa barabara, rimu huibana tyubu na kuitoboa. Fundi akiitoa atakuonyesha matundu mawili madogo yaliyokaribiana. Ukikata kona, tairi legevu huyumba, na likiwa limelegea sana laweza kuchomoka kwenye rimu. Kuanguka penye matatu na malori si jambo la mzaha.

Usidhani kwamba tairi lisilo na pancha halipotezi upepo. Hewa hupenya polepole kwenye raba na kwenye vali. Matairi membamba yenye upepo mwingi hupungua haraka kuliko yale mapana. Kwa hivyo yakague yote mara moja kwa wiki.

Kwa nini pampu ya kusimama?

Unaweza kwenda kwa fundi wa baiskeli. Hesabu mwenyewe: zidisha malipo yake kwa wiki 52 za mwaka, kisha uzidishe tena kwa idadi ya baiskeli za nyumbani. Aghalabu utaona kwamba pampu ya bei ya chini hurudisha gharama yake mapema. Jambo muhimu zaidi ni kwamba pampu iliyo karibu na mlango hutumika, ilhali safari ya kwenda kwa fundi huahirishwa hadi kesho, na kesho haifiki.

Pampu ndogo inayofungwa kwenye fremu ni ya dharura njiani. Huingiza hewa kidogo sana kwa kila pigo na huchosha mikono. Mashine ya upepo katika kituo cha petroli nayo imeundwa kwa matairi ya gari. Yaweza kulijaza tairi dogo la baiskeli kupita kiasi kwa sekunde chache, likapasuka karibu na uso na masikio yako.

Pampu ya kusimama hukaa chini. Ina kikanyagio cha miguu, silinda ndefu na mshikio wa mikono miwili. Unatumia uzito wa mwili wako badala ya misuli ya mikono pekee. Kama fedha ni haba, familia mbili tatu za ploti moja zaweza kuchanga na kuinunua pamoja.

Tazama vali kwanza

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuangalia rangi na bei kabla ya kujua vali ya baiskeli yao. Ziko aina tatu.

Ya kwanza ni ya Schrader, ambayo ni sawa na ya gari. Ni nene, na katikati ina kijiti kidogo unachoweza kukibonyeza. Hupatikana kwenye baiskeli nyingi za gia zenye matairi mapana, na kwenye nyingi za watoto.

Ya pili hujulikana kwa jina la Dunlop. Hupatikana kwenye baiskeli kubwa nyeusi tuziitazo Black Mamba. Chini ni nene, juu ni nyembamba, na hushikiliwa na nati ya mviringo. Jina lake ni la John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast. Mnamo 1888 alipata hataza ya tairi la upepo, baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe ili isimrushe-rushe.

Ya tatu ni Presta, iliyo nyembamba kutoka chini hadi juu, na yenye kinati kidogo kileleni ambacho hulegezwa kabla ya kutia upepo. Hii ni ya baiskeli za mashindano.

Kichwa cha pampu sharti kishike vali yako. Njia ya hakika ni kwenda dukani na baiskeli yenyewe, au na tyubu kuukuu iliyotoka kwayo. Ikiwa nyumbani kuna baiskeli za aina mbalimbali, nunua pampu yenye kichwa cha matundu mawili, au uulizie kiungio kidogo cha shaba cha kubadilishia. Kiungio hicho ni rahisi kuliko pampu ya pili.

Unene wa silinda na uzito wako

Hapa ndipo pampu nyingi zinapowashinda wenyewe. Silinda nene huingiza hewa nyingi kwa pigo moja, lakini inakutaka usukume kwa nguvu zaidi. Tuchukue tairi linalohitaji upepo wa PSI 60, yaani takriban kilo 4.2 kwa kila sentimita mraba. Silinda yenye upana wa sentimita 3 kwa ndani itakudai msukumo wa karibu kilo 30 kufikia kiwango hicho. Yenye upana wa sentimita 4 itakudai zaidi ya kilo 50.

Mama mwenye uzito wa kilo 50 hawezi kuishindilia hiyo ya pili hadi mwisho, hata akiilalia. Atadhani yeye ni dhaifu au pampu ni mbovu, kumbe silinda ndiyo haikumfaa. Achukue ile nyembamba. Atapiga pengine mara 25 badala ya 15 kujaza tairi tupu la Black Mamba, lakini atafaulu bila kuumia mgongo.

Silinda nene inafaa matairi mapana, ambayo mengi hutosheka na PSI 30 hadi 50. Hayo yanataka hewa nyingi isiyo na msukumo mkubwa.

Je, geji ni lazima?

Geji ni saa ndogo inayoonyesha kiasi cha upepo. Watu wengi hubonyeza tairi kwa kidole gumba wakadhani wamepima. Kidole hutambua tairi tupu, lakini hakiwezi kutofautisha PSI 40 na 60. Ikiwa nyongeza ya bei ni ndogo, chukua pampu yenye geji. Haihitaji kuwa ya hali ya juu, mradi namba zake ni kubwa na zinasomeka ukiwa umesimama.

Kiwango kinachofaa kimeandikwa ubavuni mwa tairi, kwa PSI au BAR. BAR 1 ni sawa na PSI 14.5. Usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa. Mtu mzito, au anayebeba mzigo, akaribie kiwango hicho, hasa gurudumu la nyuma. Mtoto mwepesi atosheke na cha chini. Kumbuka kwamba kwenye vali ya Dunlop geji haikuonyeshi kilichomo ndani ya tairi kabla hujapiga pampu, na hata unapopiga hukupa makadirio tu.

Usilipie namba usizozihitaji. Pampu iliyoandikwa PSI 160 haikuongezei lolote ikiwa tairi lako linataka 50.

Nafuu si sawa na hafifu

Pampu nafuu ni ile inayoweza kutengenezwa. Kitu kinachochakaa kwanza ni washa ya ngozi au ya raba iliyo kwenye ncha ya fimbo ya ndani. Muulize mwenye duka kama kifuniko cha juu cha silinda hufunguka, na kama anauza washa na mpira wa kupitishia hewa. Akisema vyote vimegandishwa pamoja kiwandani, iache. Siku washa itakapokwisha, utakuwa umebaki na kijiti cha kuchezea watoto.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio haya:

1. Simama juu ya kikanyagio kwa miguu yote miwili. Pampu isiyumbe wala kikanyagio kisipinde.

2. Inua mshikio hadi juu. Usilazimike kunyanyua mabega kupita kiasi. Ukiushusha, usikulazimishe kuinama hadi magotini.

3. Ziba tundu la hewa kwa kidole, kisha sukuma polepole. Mshikio ukikataa kushuka, washa ni nzima. Ukishuka kwa urahisi huku ukisikia hewa ikitoroka, iache.

4. Bana kichwa kwenye vali na uchomoe mara tatu. Kisikwame wala kisitoke chenyewe.

5. Nyoosha mpira. Ufikie vali hata ikiwa juu ya gurudumu.

Wasomaji wa Mombasa na miji mingine ya pwani wakumbuke kwamba hewa ya chumvi hula chuma upesi. Silinda ya alumini itawafaa zaidi. Yenye chuma ipanguswe na isilazwe nje.

Ukisha kuinunua, itunze. Washa ya ngozi huhitaji tone la mafuta ya cherehani mara kwa mara isikauke. Ile ya raba usiitie mafuta taa wala petroli, kwani huiharibu.

Kupiga pampu bila kujiumiza

Weka miguu yote juu ya kikanyagio, nyoosha mikono, kunja magoti kidogo na uache uzito wa mwili ushuke. Usipinde mgongo kama anayechota maji kisimani.

Toa pumzi unaposukuma, vuta unapoinua. Kubana pumzi huku unasukuma kitu kizito hupandisha presha ghafla, na hilo si jema kwa mtu ambaye presha yake haijadhibitiwa. Mwenye ngiri, aliyepasuliwa tumbo karibuni, au mwenye maumivu ya kifua amwachie mwingine kazi hii. Ukihisi kifua kinabana au kizunguzungu, acha mara moja na ufike hospitali.

Usiweke uso karibu na tairi linalojazwa. Likifikia nusu, simama ulitazame pande zote. Likiwa limetokeza sehemu moja au halijakaa vizuri kwenye rimu, toa upepo na uanze upya. Watoto wapige pampu wakiwa na mtu mzima, na wafundishwe kusoma geji mapema.

Kwa kifupi

Chagua pampu inayoshika vali yako, ambayo silinda yake unaiweza, inayosimama imara, yenye geji inayosomeka na washa inayobadilishwa. Mengine yote ni mapambo. Iweke pale unapoiona ukitoka, na utenge siku moja ya juma, tuseme Jumamosi asubuhi, kuwa siku ya upepo.

Jambo la mwisho: pampu haichukui nafasi ya dawa. Ikiwa unatumia vidonge vya presha au kisukari, usiviache kwa kuwa baiskeli sasa yaenda vizuri. Endelea navyo, endelea na baiskeli, na umwache daktari wako apime na kuamua kama dozi inaweza kupunguzwa.